Gari Linaposema na Mwenyewe Haelewi



Wiki mbili zilizopita mwanafunzi mmoja aliniuliza darasani tofauti iliyopo kati ya kunung'unika, kulalamika na kudai. Nilimpa jibu la kamusi, kengele ikalia, tukaachana. Jibu lile halikunitosheleza hata mimi niliyelitoa. Leo nalirudia swali hilo kwa kisa cha gari la jirani yangu wa hapa Kyarumba, kwa sababu vitenzi vyote vitatu nimeviona vikitendwa na mtu huyo mmoja katika muda usiozidi miezi saba.

Jirani yangu ni mfanyabiashara wa kahawa. Huinunua kwa wakulima wa milimani, kisha huiteremsha kupitia Kisinga hadi Kinyamaseke, ambako huipata barabara kuu iendayo Kasese upande mmoja, na Bwera na mpaka wa Mpondwe upande wa pili. Kwa miaka mingi alitegemea bodaboda na malori ya kukodi. Mwaka jana msimu ulimwendea vizuri, akasafiri hadi Kampala, akaingia katika mojawapo ya zile yadi za magari ambazo wenyeji huziita bondi, akatoka na gari dogo la Kijapani lililokwisha kutumika. Sitaitaja aina ya gari wala yadi yenyewe, maana shauri bado halijaisha. Mita yake ilisoma kilomita 68,000. Na juu ya kioo cha mbele, karibu na kile kioo kidogo cha kutazamia nyuma, palikuwa na kamera.

Tusimame kidogo kwenye kamera hiyo. Sheria ya usalama barabarani ya Uganda ilirekebishwa mwaka 2018, na tangu Oktoba mwaka huo gari lililotimiza miaka 15 tangu kuundwa haliruhusiwi kuingizwa nchini. Watu walizungumza sana juu ya moshi na juu ya bei. Wachache waliona kwamba sheria hiyo, kadiri miaka inavyosonga, inatuletea magari ya namna nyingine kabisa. Subaru ilianza kuuza mfumo wake wa EyeSight huko Japani mwaka 2008. Toyota ikaleta Toyota Safety Sense mwaka 2015. Mifumo hii humsaidia dereva: huitazama barabara kwa kamera, au kwa kamera pamoja na rada, hupima umbali wa kilicho mbele, hupiga mlio gari linapovuka mstari, na ikibidi hufunga breki yenyewe. Magari ya miaka hiyo ndiyo yanayoingia sasa. Gari la mtumba siku hizi lina macho, na macho hayo yalizoezwa barabara za Japani, zenye lami na mistari myeupe. Njia nyingi za kwetu milimani ni za udongo. Mstari pekee utakaouona ni mfereji uliochimbwa na mvua.

Gari hili lina mdomo pia. Kila lilipowashwa, sauti ya mwanamke ilitamka sentensi moja ya Kijapani, kwa adabu kubwa. Huenda nawe umewahi kuisikia ndani ya teksi. Katika magari mengi sauti hiyo humkumbusha dereva kwamba hajachomeka kadi ya kulipia barabara kuu za Japani. Kwetu haina kazi yoyote. Jirani alicheka, akasema amepata mke wa pili asiyechoka kumsalimu. Nami nilicheka. Baadaye ndipo nilipotambua kwamba siku ile ile alianza kujizoesha kutolisikiliza gari lake.

Mwezi wa pili, lori liliinua jiwe, jiwe likakipasua kioo cha mbele. Akapata kioo kingine cha bei nafuu, fundi akakitia, akaibandika kamera mahali palipoonekana kuwa ndipo. Kumbe kamera ya namna hii, kioo kinapobadilishwa, hulazimika kulengwa upya kwa vifaa maalumu. Ikikosea kidogo tu, huona kitu pasipo na kitu. Kuanzia hapo taa za njano zikawaka kwenye dashibodi, milio ikasikika bila sababu, na siku moja kwenye mteremko gari lilijifungia breki lenyewe mbele ya lori lililosheheni matoke. Dereva wa lori alikwepa kwa kudra ya Mungu.

"Mwalimu," jirani aliniambia jioni ile, "hili gari lina pepo."

Huko, ndugu msomaji, ndiko kunung'unika. Alimnung'unikia mkewe, akamnung'unikia fundi, akaninung'unikia mimi. Simcheki, kwa kuwa manung'uniko hutoka katika maumivu ya kweli. Lakini hayana anwani. Hayasemi nani alifanya nini, lini, wala nini kirekebishwe. Fundi naye akayajibu kwa namna yake: akachomoa fyuzi ya mfumo ule. Milio ikakoma na breki zikatulia, lakini taa tano za njano zilibaki zikiwaka mchana na usiku. "Zizoee tu, mzee," akamwambia. Akazizoea.

Sasa nije kwenye injini. Magari mengi madogo ya Kijapani ya miaka hii hayana tena ile mita yenye mshale wa kuonyesha joto. Yana kitaa kimoja tu: injini ikiwa baridi huwaka rangi ya buluu, ikipata joto la kawaida huzimika, na ikichemka kupita kiasi huwaka nyekundu. Jioni moja ya mvua jirani alikuwa akipanda kutoka Kisinga, nyuma amebeba magunia, kando yake mama mkwe aliyekuwa ametoka kutibiwa hospitali ya Kagando. Kitaa chekundu kikawaka katikati ya zile taa za njano. Alikiona. Nilipomuuliza baadaye kwa nini hakusimama, alinijibu kwa maneno ambayo sijayasahau: "Nilidhani ni mwenzao."

Aliendelea kupanda kama dakika kumi hivi. Mvuke ukafumka, injini ikafa. Mama mkwe, mwenye umri unaopita miaka sabini, alipandishwa nyumbani kwa bodaboda usiku, mvua ikimnyeshea, tena siku ile ile aliyotolewa wodini. Asubuhi fundi alifungua akakuta gasketi imeungua na silinda hedi imepinda. Rejeta ilikuwa imejaa kutu na matope, ishara ya gari lililotiwa maji matupu kwa muda mrefu badala ya maji maalumu ya kupoozea. Nani alitia maji hayo, yadi ya Kampala au sisi? Hakuna aliyejua, kwa kuwa hakuna aliyeandika. Injini nyingine iliyotumika, pamoja na kuifunga, ilimgharimu shilingi 4,200,000. Pesa hizo zilitoka kwenye karo. Binti yake, mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu, alikaa nyumbani muhula mzima.

Ndipo jirani alipokuja kwangu na barua aliyoiandika kwa muuzaji, akitaka niisahihishe Kiswahili. Ilikuwa ya kurasa mbili. Ilianza kwa "Mmeniuzia jeneza" na kuishia kwa "Mungu anawaona". Katikati mlikuwa na kioo, pepo, mama mkwe, karo, breki na injini, vyote kwa pamoja kama nguo zilizotupwa kapuni. Hilo lilikuwa lalamiko, maana sasa lilikuwa na mtu wa kuandikiwa. Lakini muuzaji angelisoma, akacheka, akalikunja.

Aliyetuokoa ni binti yake. Alipokuwa nyumbani bila shule, aliliosha gari lile ndani na nje, kwa hasira nadhani, na kwenye fremu ya mlango wa dereva akaona kibandiko kidogo chenye maandishi ya Kijapani. Maandishi hakuyaelewa, ila tarakimu ni zile zile tulizo nazo sote. Kiliandikwa 31.2.9, na chini yake 131,400 km. Akaja mbio. "Shikamoo mwalimu. Gari letu lilikuwa na kilomita 131,400 kabla halijawa na 68,000."

Kibandiko cha namna hiyo hubandikwa na gereji za Japani wakati wa kubadilisha mafuta ya injini, na miaka mara nyingi huhesabiwa kwa enzi ya mfalme wao. Mwaka wa 31 wa enzi ya Heisei ni mwaka 2019. Kwa hiyo tarehe ile ni Februari 9, 2019. Mita ilikuwa imerudishwa nyuma zaidi ya kilomita 63,000. Kama ilirudishwa Japani, njiani au Kampala, hilo si la mnunuzi kulithibitisha peke yake. Yeye aliambiwa 68,000, na imeandikwa kwenye risiti.

Tukaketi watatu kuiandika barua upya. Kazi ngumu haikuwa kuongeza maneno, ilikuwa kuyafuta. Jirani hakutaka kuondoa habari ya breki kujifunga, kwa kuwa ndiyo iliyomtisha zaidi. Nilimwuliza kioo kilipasuliwa na nani na kamera ilibandikwa na nani. Akanyamaza. Tukaifuta. Karo tukaifuta, na hapo binti alitazama pembeni. Jambo moja tulibishana nalo kwa muda: je, tuandike kwamba taa nyekundu iliwaka na dereva hakusimama? Jirani alisema huko ni kumpa adui panga. Mimi nilishikilia tuandike. Muuzaji ataliuliza hata hivyo, na barua inayoficha jambo moja hutiliwa shaka katika yote. Nikiri kwamba sina uhakika kama nilimshauri vema kifedha.

Barua iliyobaki ni ya ukurasa mmoja. Inataja tarehe ya mauzo, bei, namba ya chesi, kilomita zilizoandikwa kwenye risiti, kilomita zilizo kwenye kibandiko pamoja na picha yake, siku injini ilipokufa na namna ilivyokufa, maelezo ya fundi, gharama. Mwisho una sentensi moja ya ombi: "Kwa kuwa gari nililouziwa halilingani na maelezo niliyopewa, nadai nirejeshewe shilingi 4,200,000 katika muda wa siku 14." Linganisha sentensi hiyo na "Mmeniuzia jeneza", ndugu mwanafunzi. Kitenzi kudai kinataka kiasi, kinataka sababu, na kinataka tarehe. Tuliiandika kwa Kiswahili kwanza, ili mwenye kuitia sahihi aelewe kila neno. Kisha nikaigeuza kwa Kiingereza, lugha ya mahakama zetu.

Utaniambia: gari la mtumba halina dhamana, aliliona, akalipenda, akalipa. Hoja hiyo naisikia kila siku, na nusu yake ni kweli. Anayenunua kilichotumika amekubali uchakavu. Lakini hajakubali uongo. Sheria ya Uganda ya Mauzo ya Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017 inasema kitu kinachouzwa kwa maelezo sharti kilingane na maelezo hayo. Zaidi ya hayo, tangu mwaka 2011 tunao utaratibu wa madai madogo mahakamani, kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 10, ambapo mdai hujieleza mwenyewe bila wakili, baada ya kwanza kumpelekea mdaiwa barua ya madai. Gharama ya injini ya gari dogo huangukia humo. Wangapi kati ya wanunuzi wa Kasese na Bwera wamewahi kuambiwa hivyo? Tatizo la kweli ni safari. Muuzaji yuko Kampala, zaidi ya kilomita 300 kutoka kwetu, na mwenye gari bovu ndiye anayelazimika kupanda basi.

Tazama sasa namna manung'uniko yanavyoshughulikiwa kwingine. Marekani kuna mamlaka ya usalama wa magari, NHTSA, inayopokea malalamiko ya mwenye gari yeyote na kuyaweka mahali ambapo kila mtu anaweza kuyasoma. Februari 2022 ilifungua uchunguzi juu ya magari ya Tesla yapatayo 416,000 kwa sababu wenyewe walieleza kwamba yanafunga breki bila kitu mbele. Unajua yalikuwa malalamiko mangapi? 354. Wa kwanza kuandika bila shaka aliambiwa ana wasiwasi tu. Wa mia tatu hakuambiwa hivyo tena. Kwa upande wa injini, Hyundai na Kia walifikishwa mwaka 2020 kwenye makubaliano ya faini ya jumla ya dola milioni 210 kwa namna walivyochelewa kuyarudisha magari yenye injini zenye kasoro. Pepo la jirani yangu lingekuwa huko mstari mmoja katika orodha, na mtu angelihesabu.

Hapa kwetu Shirika la Viwango la Uganda hutaka magari yaliyotumika yakaguliwe kabla ya kuletwa, jambo jema. Basi ukinunua, omba uonyeshwe cheti cha ukaguzi kabla ya kutoa hata shilingi. Tusilo nalo ni daftari la wazi la malalamiko ya magari, lililopangwa kwa aina na mwaka, ambalo mnunuzi wa Kyarumba angelisoma kabla ya kupanda basi la kwenda Kampala. Majirani zetu Wakenya waliiandika haki ya mlaji katika ibara ya 46 ya Katiba yao ya mwaka 2010: bidhaa za ubora unaofaa, habari za kutosha, fidia kwa hasara itokanayo na kasoro. Katiba yetu ya mwaka 1995 haina ibara ya namna hiyo. Sisemi karatasi huponya injini. Nasema Mkenya anayelalamika ana sentensi ya kuanzia.

Na ukimya huu unaweza kuua. Mifuko ya hewa ya Takata, iliyofungwa katika magari ya kampuni nyingi, nyingi kati yake za Japani, iligunduliwa kuwa unga wake wa mlipuko huharibika kwa miaka mingi ya joto na unyevu, kiasi kwamba mfuko unapofumka hurusha vipande vya chuma usoni mwa dereva. Nchini Marekani peke yake iliamriwa kurudishwa mifuko ipatayo milioni 67. Taarifa za kurudishwa humfikia mmiliki aliyesajiliwa. Gari likishafutwa katika usajili wa Japani na kupakiwa melini, barua hizo hazina wa kumfikia. Wala usidhani utalipata gari lako katika tovuti za Kimarekani: magari yaliyoundwa kwa soko la Japani yana namba fupi ya chesi, yenye kistari katikati, ilhali tovuti hizo huomba herufi na tarakimu 17. Itafute kwenye tovuti ya Kijapani ya kampuni iliyoliunda, ukisaidiwa na programu ya kutafsiri. Sisi wakazi wa mstari wa Ikweta, wenye joto na unyevu wa kutosha, tungepaswa kuwa wa kwanza kuarifiwa.

Nirudi kwenye lugha, maana ndiyo kazi yangu. Gari la jirani lilimwambia ukweli kwa Kijapani na kwa rangi, na kitabu chake cha maelezo ni cha Kijapani. Sheria inayomlinda ni ya Kiingereza. Yeye huota kwa Lhukonzo. Fundi wake alijifunzia ufundi kati ya Bwera na Kasindi, anasema Kiswahili cha Kongo, na gari huliita motokari. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Vizuri sana. Lakini ninaposahihisha insha zenu naona mmefundishwa kuandika barua ya kuomba kazi, barua ya mapenzi ya mama, barua ya kumwalika mjomba harusini. Barua ya madai sijawahi kuiona. Nataka kila muuzaji alazimishwe kumkabidhi mnunuzi karatasi moja ya Kiswahili inayoeleza kila taa ya dashibodi. Na nataka mwalimu mwenzangu anayesoma hapa aichukue karatasi hiyo darasani, aifanye zoezi la ufahamu.

Kuhusu gari lenyewe: linatembea. Jirani amebandika utepe mweusi juu ya zile taa tano za njano, akaiacha wazi nafasi ya ile nyekundu. Binti amerudi shuleni muhula huu, anakaa safu ya mbele. Barua ilipelekwa kwa mkono, na nakala yake, iliyotiwa mhuri wa kupokelewa, imo ndani ya saraka yangu. Leo ni siku ya tisa. Muuzaji amepiga simu mara moja, akauliza kile kibandiko kimepatikana wapi.